Shimo la Mguu wa Joyeuse

Jumatatu asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya Butembo, Zacharie alichukua jembe akaenda nyuma ya hospitali, kwenye mikaratusi, akachimba shimo la mguu. Mguu wenyewe ulikuwa bado wodini, kwa mwenyewe, una joto lake na vidole vyake vitano. Lakini Zacharie alikuwa na desturi yake: shimo linatangulia. Hakupenda kabisa mguu wa mtu ukae ndani ya beseni, umefunikwa taulo, ukingoja kutafutiwa mahali pa kulala.

Alikuwa mtu wa plasta. Kwa miaka thelathini na mitatu alifunga mifupa ya mji huu: ya watoto walioanguka kutoka juu ya miparachichi, ya wazee walioteleza kwenye matope, na zaidi ya yote ya watu wa pikipiki, maana Butembo ina pikipiki nyingi kuliko subira. Na kwa kuwa hakuna aliyeitaka kazi ile nyingine, nayo ilikuwa yake. Daktari akikata, Zacharie anabeba. Alikuwa amebeba na kuzika miguu thelathini na mmoja. Aliijua kwa majina ya wenyewe, na kila alipopita pale kwenye mikaratusi aliisalimu kimoyomoyo. Waliomcheka aliwaacha wacheke.

Shimo la thelathini na mbili lilikuwa la Joyeuse, msichana wa miaka ishirini na miwili, mkulima wa maharagwe kule Vuhovi. Watu wenye silaha waliingia mashambani siku ambayo yeye alikuwa ameinama anapalilia, na risasi ikamvunja mfupa wa muundi. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, kisha kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, mguu unaning'inia. Daktari Gamaliel, kijana mwenye mikono mizuri na maneno machache, alikisafisha kidonda kama inavyotakiwa. Kilichobaki kilikuwa kuushika mfupa utulie. Hapo ndipo plasta ilipohitajika, na plasta haikuwepo.

Lori lililoileta lilikuwa limekwama upande wa Beni, barabara haipitiki. Ndege ndogo iliyozoea kutua Rughenda na dawa ilikuwa haijaonekana wiki mbili. Zacharie alijaribu hata ule unga mweupe ambao mafundi wa dari hununua kwa wauzaji wa jumla, ukapasuka mikononi mwake ulipoanza tu kukauka. Mbao walizomfungia Joyeuse ziliteleza usiku na mchana, na kila mfupa ulipocheza, kidonda kilifunguka upya. Daktari Gamaliel alisema waziwazi kwamba homa bado ni ndogo, lakini itapanda, na ikipanda itamchukua msichana mzima. Ijumaa, kama mfupa bado unatembea, atakata chini ya goti. Alisema hivyo huku anatazama dirishani, na Zacharie akajua kwamba naye yanamuuma.

Basi shimo likawa tayari. Zacharie alinawa mikono, akaingia kwenye chumba chake cha plasta ambacho hakikuwa na plasta, akakaa kwenye kiti na kufungua kitabu cha Melchior.

Melchior ndiye aliyemfundisha kazi, Mungu amrehemu, na kitabu alimwachia yeye. Kilikuwa cha Kifaransa, hakina jalada, na kurasa za mwanzo zililiwa na mchwa, hivyo jina la mwandishi lilikwenda na mchwa. Alikuwa daktari wa jeshi katika vita vya Wazungu vya karne ya kumi na tisa, zama zile askari walipokwenda kupigana kwa mistari, nyuma ya ngoma, na waliojeruhiwa wakakatwa mikono na miguu ndani ya maghala ya nyasi. Zacharie alikisoma jinsi wengine wanavyosoma maisha ya watakatifu, bila kukidai faida yoyote. Siku hiyo hakufika mbali. Joto la bati lilimshukia kichwani, akasinzia.

Akajikuta ndani ya ghala. Kulikuwa na harufu ya nyasi zilizolowa, na mwanga wa njano ulioingia kati ya mbao. Majeruhi walilala kwa safu, kila mmoja na kipande cha karatasi kwenye kifungo cha koti. Daktari wa kitabu alikuwa pale, ndevu mpaka kifuani, aproni imekauka kwa damu. Alizungumza Kifaransa, lakini maneno yalipofika kwenye sikio la Zacharie yalikuwa Kinande, lugha ya nyumbani kwake. Nje ya dirisha palikuwa na lundo. Ilikuwa miguu, mingine bado imevaa viatu, na theluji ilianza kuifunika polepole.

Zacharie aliuliza ni nani anayeizika. Daktari alimtazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Zacharie akauliza tena: na hawa wagonjwa, garde-malade wao wako wapi? Maana kwetu hakuna anayeugua peke yake. Nyuma ya kila mgonjwa kuna mama, dada au shangazi aliyekuja na sufuria na mkeka, anayepika, anayefua, anayefukuza nzi, na huyo ndiye garde-malade. Daktari akajibu kwamba hawana. Jeshi haliji na mama zake. Zacharie alisikia huruma kubwa hata akakaa chini kwenye zile nyasi, kati ya vijana wasio na mtu, akalia. Ndipo daktari akamshika mkono akampeleka kwenye kona. Palikuwa na chungu juu ya moto, na ndani yake kitu cheupe kizito kinachemka kwa uvivu, blup, blup. Kando ya chungu askari watatu walikaa kwenye jua wanacheza karata, miguu yao imenyooka mbele yao, myeupe na migumu.

Alipoamka, kitabu kilikuwa kifuani, kimefunguka pale pale usingizi ulipomkuta. Akasoma. Zamani, kabla plasta haijaenea majeshini, madaktari wa vita walifunga mifupa kwa wanga. Wanauchemsha, wanaupaka kwenye vitambaa na vipande vya karatasi ngumu, wanazungushia mguu, wanauanika siku mbili au tatu. Ukikauka unakuwa mgumu kama ubao, na unaweza kuupasua kwa mkasi toka juu hadi chini, ukaufungua, ukatazama kidonda, ukaufunga tena. Ukurasa huo alikuwa ameusoma mara mia, na mara zote mia alikuwa na plasta kabatini.

Alitoka mlangoni akasimama anatazama ua wa hospitali. Garde-malade ishirini na zaidi walikuwa wanapika, na kila mmoja alikuwa na mfuko wake wa unga wa muhogo, wa kusonga fufu. Miaka yote hiyo alikuwa anapita kati ya wanga akienda kuomba plasta.

Daktari Gamaliel kwanza alicheka. Kisha akausoma ukurasa ule, akausoma tena, akaacha kucheka. Alikubali ajaribu, lakini Ijumaa ibaki Ijumaa.

Jumanne ikawa siku ya kazi. Zacharie alikwenda kwa wauzaji wa matairi ya pikipiki akaomba maboksi matupu, akayakata vipande virefu vyenye maandishi ya Kichina. Akina mama walichana shuka za zamani. Kila garde-malade alitoa kikombe cha unga kutoka kwenye chakula chake cha jioni, hata wale wa wodi ya uzazi ambao hawakuwa na mfupa wowote uliovunjika. Kazi ya kupika alimpa Mama Kaswera, shangazi yake Joyeuse, mwanamke mnene wa Vuhovi ambaye hakuwa ametoka kando ya kile kitanda tangu siku ya kwanza. Lakini Zacharie hakuwa ameshika mwiko maisha yake yote, na mwanaume akieleza mapishi lazima apotoshe mahali. Alimwambia tu apike uji mzito kidogo, wa mgonjwa, wa kupaka mguuni.

Walimfunga Joyeuse mchana huo, kitambaa juu ya kitambaa, boksi juu ya boksi, na pale penye kidonda wakaacha dirisha. Mguu ulipokwisha kufungwa ulionekana kama mzigo uliotoka mbali na kupita forodha zote. Joyeuse aliutazama, akasoma kwa kidole yale maandishi ya Kichina asiyoyajua, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Walikitoa kitanda nje, kwenye jua, wakauegemeza mguu mpya kati ya mbao za zamani, na kazi ikawa ya jua.

Jumatano mawingu yalikuja yakaondoka. Alhamisi jua liliwaka vizuri tangu asubuhi, hata shuka kwenye kamba zilikauka kabla ya saa nne. Mguu haukukauka. Zacharie alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Alipima joto la msichana, likawa limepanda kidogo, kidogo tu. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Hakuwa na la kufanya ila kukaa, na alikuwa na hofu, hofu ya mtu mzima aliyewapa wengine tumaini kwa sababu ya ndoto. Kule nyuma, kwenye mikaratusi, shimo lilikuwa wazi. Jua likamlemea.

Safari hii hapakuwa na ghala. Palikuwa na mlima mweupe, mrefu, umelala kwenye mwanga, na askari wanaupanda. Walikuwa wadogo sana na wengi sana, wamepangana mmoja nyuma ya mwingine, na hakukuwa na ngoma. Walioshuka walibeba mizigo myeupe, na walipokutana na waliopanda waligusana vichwa kidogo, kama watu wa kijiji kimoja, kisha wakaendelea. Daktari mwenye ndevu alisimama kando ya Zacharie. Zacharie alimwuliza hao wanakwenda wapi. Daktari alitia kidole kinywani, akakinyonya taratibu, amefumba macho, kama mtoto aliyeachwa karibu na sufuria.

Zacharie alifumbua macho, na askari walikuwa bado wanapanda. Walikuwa sisimizi. Walitoka kwenye nyufa za sementi, wakafuata mguu wa kitanda, wakapita kwenye shuka, wakaingia chini ya vitambaa vya Joyeuse, mstari mmoja usiokatika. Alikwangua wanga kwa ukucha, akaweka ulimini. Ulikuwa mtamu.

Mama Kaswera aliitwa. Alikuja anafuta mikono, akaulizwa, na wala hakuona kosa liko wapi.

"Papa, ulisema bouillie ya mugonjwa," alisema. "Miye tangu banizale sijaonaka mugonjwa bananyima sukari. Nilitia vikombe viwili. Ju ni mutoto ya kaka yangu."

Zacharie alikuwa amefungua kinywa amkaripie, na alikuwa na maneno makali tayari. Yakamwishia. Sukari ndiyo iliyokuwa inanyonya maji ya hewa na kuuacha wanga mbichi, hilo alilielewa mara moja. Lakini sukari ile mwanamke aliinunua kwa maharagwe aliyoleta kichwani kutoka Vuhovi, na hakuna hata mmoja katika ghala lile la ndotoni aliyetiliwa kikombe kimoja. Alimweleza polepole, kwa sauti ya chini. Mama Kaswera alipoelewa alikaa chini kwenye sementi, akajifunika uso kwa kitenge.

Zacharie akaenda kwa daktari. Hakuficha kitu. Alisema kosa ni lake, alieleza vibaya. Aliomba apewe mpaka Jumamosi saa sita. Daktari Gamaliel alizungusha kalamu vidoleni.

"Papa Zacharie, kama homa inapanda, sitangoya samedi," alisema. "Na ni weye utabeba ule muguu."

"Docteur, ni miye nabebaka yote," Zacharie akajibu. "Njo maana naomba."

Akapewa.

Walipasua ule mzigo mtamu kwa mkasi, wakausafisha mguu kwa maji ya moto. Na sasa, wakati Mama Kaswera anapika upya, unga na maji peke yake, akionja kila mara kama mtu asiyejiamini tena, palikuwa na saa nzima ambayo mguu haukuwa na kitu chochote cha kuushika. Zacharie aliushika kwa mikono. Mkono mmoja kisiginoni, mwingine chini ya goti, akivuta kidogo, sawasawa, bila kutikisika. Jasho lilimshuka machoni na hakulifuta. Alihisi mshipa wa nyuma ya goti unapiga chini ya vidole vyake. Ile mingine thelathini na mmoja aliishika ikiwa imenyamaza. Huu ulikuwa wa kwanza kushikwa mikononi mwake kwa muda mrefu hivyo ukiwa bado unapiga, na alitamani saa ile isiishe na iishe haraka.

Joyeuse alikuwa anamtazama.

"Papa, banasema unazikaka miguu huku nyuma. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ya kwangu umeshachimbia?"

Zacharie hakuweza kudanganya huku ameushika. Alikubali kwa kichwa. Msichana alisikiliza sufuria inavyochemka.

"Basi kama banaikata, hapana uizike huku. Uipeleke Vuhovi, mu shamba yangu ya maharagi. Ile muguu haijue bantu ba huku."

Alimwahidi. Uji ukaiva, wakaufunga mguu upya.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilikuwa mvua ya milimani, baridi na haina haraka, na ukungu uliingia mpaka ndani ya wodi. Zacharie alisimama mlangoni anaitazama, akaona kwamba sasa ndiyo basi. Hapo Mama Kaswera alipita mbele yake amebeba jiko lake la makaa. Aliliweka kando ya kitanda cha Joyeuse, akapuliza. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Wakafungua madirisha ya juu moshi utoke, wakapanga majiko kuzunguka kile kitanda, na kwa kuwa moto ukishawaka ni dhambi kuuacha bure, kila mmoja akateleka. Siku ile chakula cha hospitali nzima kilipikwa kuuzunguka mguu wa Joyeuse: sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, viazi, fufu. Mvuke walitaka uende mbali, wakaupepea kwa vifuniko. Wakaimba za kanisani, Wakatoliki za kwao na Waprotestanti za kwao, wakipokezana. Walikesha kwa zamu. Zacharie alikaa katikati ya joto hilo, na mara mbili tatu alidhani anaona kati ya wanawake mtu mwenye ndevu, amechuchumaa, ananyoosha mikono kwenye makaa. Hakumshangaa. Alimsogezea nafasi.

Jumamosi saa sita Daktari Gamaliel alikuja na kipimajoto. Aliangalia, akapima tena. Homa ilikuwa imeshuka. Kisha akakunja kidole akagonga ule mguu wa wanga, na ukaita kama mlango. Aligonga tena, juu na chini, na ukaita kote. Mama Kaswera alisema karibu, na wodi nzima ikacheka, na Zacharie akatoka nje upesi kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka kuyaeleza.

Hautembei mfupa uliofungwa hivyo. Kila baada ya siku chache waliufungua mguu kama sanduku, wakasafisha kidonda, wakaufunga. Plasta ililetwa wiki ya tatu, Beni ilipofunguka, na Zacharie hakuigusa kwa Joyeuse. Wiki zikawa tisa. Kule kwenye mikaratusi shimo lilijaa majani makavu. Kila alipopita pale aliona ni vibaya kuliacha wazi na ni vibaya kulifukia tupu, maana shimo lililochimbwa kwa jina la mtu si la kuchezewa, au yeye ndivyo alivyoona.

Siku ya kuruhusiwa, Joyeuse alisimama. Mguu ulikuwa umepungua inchi moja, na atachechemea mpaka uzee, lakini ulikuwa chini yake na ulimbeba. Kwenye kitanda lilibaki lile ganda, vipande viwili, limekuwa la rangi ya chai, na maandishi ya Kichina yamefifia. Msafishaji alitaka kulitupa. Zacharie alilichukua, akaliweka kwapani, akatoka nalo kwenda nyuma. Hakumwambia mtu. Alikuwa anatoa majani shimoni aliposikia nyayo, moja nzito, moja nyepesi, na fimbo. Joyeuse na shangazi yake walikuwa wamemfuata.

"Uliniahidi Vuhovi," msichana alisema.

Zacharie alisimama na ganda mkononi. Joyeuse alilitazama, akalitazama shimo, akatabasamu.

"Hapana, Papa. Ile izike huku. Vuhovi nitaenda na hii ingine."

Zacharie alilishusha polepole, akilaza kisigino kwanza, jinsi alivyozoea. Alisali Baba Yetu. Mama Kaswera alinung'unika kwamba unga ule wote ungetosha kulisha arusi, kisha akasali naye. Wakarudisha udongo. Ulipojaa, Joyeuse alimpa shangazi yake fimbo, akamshika Zacharie bega, akanyanyua mguu wake uliovunjika na kuushindilia udongo kwa huo huo, mara tatu, kwa kisigino na kisha kwa vidole, kama watu wa Vuhovi wanavyofanya wakifukia mbegu.

"Wasingya, sokulu," alisema kwa Kinande, yaani asante, babu, na wakaenda kutafuta pikipiki.